Herufi J kwenye pasipoti: Wayahudi walivyohangaikia makaratasi ili wamkimbie Hitler (uzi mrefu)

Kibatari wa Muheza (mwenye uzi)

Wakuu salama? Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu, asije mwishoni na "tupe kwa ufupi".

Iko hivi. Huu mwezi wa tatu nafatilia karatasi yangu kwenye ofisi fulani, jina wamekosea herufi moja tu, H imejipachika pasipohusika, basi nenda kaape kwa wakili, rudi, afidaviti haina muhuri, nenda tena, rudi, aliyeshika faili yuko likizo. Siku ya nne nimekaa pale kwenye benchi bando limekata, nikafungua PDF iliyokuwa imelala kwenye simu kuhusu Wayahudi wa Ujerumani miaka ya 1930, nikasoma mpaka nikasahau kilichonileta.

Tukisikia Hitler wengi tunarukia moja kwa moja kwenye makambi na gesi. Ila kuanzia 1933 mpaka vita vinaanza 1939 Wanazi walikuwa wanataka Wayahudi WAONDOKE, yaani wanawafukuza kabisa, na bado maelfu kwa maelfu walikwama. Mtu anafukuzwa na hawezi kutoka, mnaielewa hiyo? Sababu zilikuwa kadhaa ila kubwa ni makaratasi, na ndo nnachotaka kukiongelea, sitaki kuongelea vita.

1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi kama laki tano, hata asilimia 1 ya watu wote hawafiki. 1935 zikaja sheria za Nuremberg, watu wakagawanywa mafungu mawili, raia kamili mwenye haki zote, na yule ambaye ni mtu wa dola tu hana haki ya siasa, Wayahudi wakatupwa fungu la pili. Lakini pasipoti walibaki nazo, na ilikuwa ileile ya kila Mjerumani, askari wa mpakani akiishika hawezi kujua huyu Myahudi huyu siyo.

Hiyo ndo ikaja kuwasumbua majirani. Nakuja, ngoja nichaji simu.

binti_Chole

Naweka mkeka hapa. Usitukimbie kama ule uzi wa meli ulivyoishia njiani

Kibatari wa Muheza

Nimerudi. Machi 1938 Hitler anaimeza Austria. Vienna peke yake Wayahudi zaidi ya laki moja na nusu, wakaanza kupigwa na kusugulishwa barabara kwa brashi mchana kweupe, watu wakakimbilia Uswisi maana iko pale pale mlangoni. Uswisi ikaona hapana. Agosti ikafunga mpaka, ila tatizo likabaki lile lile, pasipoti haisemi nani ni nani. Mkuu wa polisi wa wageni wa Uswisi aliitwa Heinrich Rothmund, serikali yake ikatishia kwamba basi kila Mjerumani aombe viza. Berlin hawakutaka hilo hata kulisikia, wafanyabiashara na watalii wao wangesumbuka. Wakakaa mezani, tarehe 29 Septemba 1938 wakasaini kwamba pasipoti za Wayahudi zitawekwa alama. Oktoba 4 baraza la mawaziri la Uswisi likapitisha. Oktoba 5, kesho yake tu, Ujerumani ikatangaza pasipoti zote za Wayahudi zimekufa, zirudishwe ndani ya wiki mbili, na atakayetaka kusafiri yake itagongwa herufi J nyekundu.

J ya Jude, Myahudi. Siyo kijiherufi cha pembeni, ni sentimita 3 hivi kwenda juu, ukurasa wa kwanza kushoto, unaiona kabla hujasoma jina.

Kwahiyo wakuu, nchi isiyo na ugomvi na mtu, ya benki na saa na chokoleti, ilikuwa na mkono wake kwenye ile herufi. Walikuja kuomba radhi mwaka 1995, rais wao Kaspar Villiger.

Nyundo Butu

Mkuu hapo usiwaonee Waswisi, hata we umesema wao walitaka viza kwa Wajerumani wote, J ililetwa mezani na Wajerumani

Kibatari wa Muheza

Nyundo sijasema waliibuni. Ila walipewa wakaipokea, na kazi yake ilikuwa ni kuwarudisha watu mpakani. Mwenye nyumba ya jirani anakutafuta na panga, mi nimekufungia mlango halafu nimemsaidia kukuvisha fulana nyekundu ili nikutambue ukija tena kubisha. Tutaniita nani hapo?

Alafu kulikuwa na Mswisi mmoja polisi, Paul Grüninger, kamanda wa St. Gallen. Mpaka umefungwa Agosti 1938, yeye anawaingiza watu halafu kwenye fomu anaandika tarehe ya nyuma, eti waliingia kabla ya amri. Kosa lake ndo hilo, kalamu tu. 1939 akafukuzwa kazi, 1940 mahakama ikamtia hatiani, akafa 1972 akiwa masikini na kesi yake ilikuja kufutwa 1995. Aliokoa mamia, wengine wanasema maelfu. Pensheni alinyimwa mpaka anakufa.

Mwl. wa Zamu

Ongezea na majina hapo. Nafundisha historia, hili wanafunzi huwa linawashangaza kuliko yote. Agosti 1938 ilitoka amri kwamba Myahudi ambaye jina lake siyo la "Kiyahudi" kwa mujibu wa orodha ya serikali (ndiyo, walitoa orodha ya majina!) lazima aongeze jina la pili kuanzia Januari 1, 1939. Wanaume wote Israel, wanawake wote Sara. Yaani wewe unaitwa Kurt miaka 50, kesho ni Kurt Israel, na usipojiandika hivyo kwenye barua ya ofisini ni kosa la jinai.

Na kabla ya pasipoti kulikuwa na kitambulisho cha ndani, Kennkarte. Myahudi alilazimika kukiomba kabla ya mwisho wa 1938 na kutembea nacho. J kubwa juu ya jalada, J nyingine ndani. Dole gumba hawakulitaka, walichukua alama za vidole vya shahada, kulia na kushoto. Picha unakaa upande, kichwa wazi, sikio la kushoto lionekane lote. Chini unasaini mwenyewe, na saini ina Israel au Sara ndani yake.

Hiyo saini ndo huwa nawaonyesha darasani. Kuna za watu waliojizoelea kusaini jina lao kwa mbwembwe maisha yote, mwandiko unateleza vizuri halafu ukifika kwenye "Sara" unasimama, herufi moja moja kama mtoto wa chekechea.

binti_Chole

Mwl umenitoa machozi ofisini jamani

Kibatari wa Muheza

Asante Mwalimu, hiyo ya sikio nilikuwa siijui.

Sasa tuseme umeshagongewa J yako. Unataka kwenda Marekani, una shemeji Chicago. Hesabu inaanza. Marekani kwa Ujerumani na Austria kwa pamoja ilitoa nafasi 27,370 kwa mwaka, basi. Unaandikishwa, unapewa namba ya foleni. Katikati ya 1939 foleni ilishapita watu laki tatu, piga hesabu mwenyewe, wa mwisho anaitwa mwaka gani?

Namba yako ikikaribia unatakiwa uwe na afidaviti ya mdhamini kule Marekani anayeapa kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali, na aambatanishe ushahidi wa mshahara na kodi na akiba ya benki. Vyeti vya kuzaliwa. Vipimo vya afya. Tiketi ya meli iliyolipiwa. Na sasa shikilieni viti, CHETI CHA TABIA NJEMA KUTOKA POLISI WA UJERUMANI. Polisi wale wale. Umevunjiwa duka usiku wa Novemba 9 mwaka 1938, wanaume kama 30,000 wamebebwa wakapelekwa Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen, halafu mkeo anakwenda kituoni kuomba karatasi kwamba we ni mtu mwema.

Na ili uachiwe kambini unatakiwa uonyeshe ushahidi kwamba unaondoka nchini. Kwahiyo mke ndo anakimbia huku na huku.

Upande wa Ujerumani nao wana yao. Bila karatasi ya kwamba hudaiwi kodi hutoki, na kuna kodi ya kukimbia nchi, robo ya mali yako yote. Kodi hiyo hata Wanazi hawakuianzisha, ilikuwepo tangu 1931 kuzuia matajiri kuhamisha pesa, wao waliikuta wakashusha kiwango ili iwanase wa kawaida pia. Ukimaliza kulipa kila kitu unaruhusiwa kutoka na mark 10 mkononi. Sasa we na mark 10 nani anakupa viza?

Vienna walimweka kijana mmoja kurahisisha mambo. Jumba walilompora tajiri Rothschild likafanywa ofisi moja ya kila kitu, madirisha yamepangwa mstari, unaingia asubuhi na nyumba, biashara na akaunti, unapita dirisha hadi dirisha kila mmoja anakata chake, unatoka upande wa pili huna kitu zaidi ya pasipoti yenye J na siku ulizopewa za kuondoka. Huyo kijana ni Adolf Eichmann. Huduma zote chini ya paa moja, ndo alivyopandia cheo.

Tatizo la tatu ni tarehe. Cheti cha polisi kina muda wake, vipimo vina muda wake, viza ina miezi michache tu. Tiketi yako ya mwezi wa nane, viza imekufa wa saba, unarudi mwanzo, mdhamini naye aape upya.

Omosh wa Rongai

Wasee wa TZ mnaandika kama kitabu aki, nimesoma yote na niko kazini.

Wacha niwaongezee ya huku. Kuna Wayahudi wa Ujerumani walikuja Kenya, si wengi, ni mamia tu, wengine wakapata kazi ya umeneja kwa mashamba ya wazungu, mtu alikuwa wakili huko kwao sasa anachunga ng'ombe wa mwenyewe. Ile sinagogi iko hapo University Way jamii yake ndio ilikuwa inawasaidia. Sasa sikia hii. Septemba 1939 Uingereza inaingia vita na Ujerumani, askari wa koloni wanazunguka kukamata kila mtu mwenye pasi ya Ujerumani kwa sababu ni "raia wa adui". Na hawa pia wakashikwa! Mtu ako na J nyekundu kwa pasi, imegongwa na Hitler mwenyewe kusema huyu si wetu, na Mwingereza anaangalia tai kwa jalada anasema wewe ni Mjerumani, panda lori. Waliachiliwa baadaye lakini wueh.

Kibatari wa Muheza

Omosh umeua. Na Uingereza kwenyewe ilikuwa hivyo hivyo, 1940 walizoa maelfu, wengine wakapakiwa meli ya Dunera mpaka Australia, wengi wao wakiwa Wayahudi waliomkimbia huyo huyo Hitler. Na Bahari yetu hii ya Hindi, Desemba 1940 Waingereza walichukua zaidi ya watu 1,500 waliofika Palestina bila vibali wakawafungia Mauritius, gereza la Beau Bassin, hadi 1945. Zaidi ya 120 wamezikwa kule kule.

jicho_la_3

Mnawalilia Wayahudi wakati mnaona yanayofanyika Palestina leo? Uzi wa propaganda huu

Kibatari wa Muheza

Jicho, ya leo yana nyuzi zake kibao humu na nimechangia, nenda kaangalie nimeandika nini. Bibi aliyesainishwa "Sara" mwaka 1939 hajamkosea mtu Gaza. Tuendelee.

Nyundo Butu

Ile meli iliyozungushwa Cuba ndo ipi? Nilisikia redioni zamani

Kibatari wa Muheza

St. Louis. Ilitoka Hamburg Mei 13, 1939 na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Kila mmoja mkononi ana kibali cha kushukia Cuba, amekinunua kwa pesa nzito, kimesainiwa na mkurugenzi wa uhamiaji wa Cuba mwenyewe, Manuel Benítez. Kumbe jamaa alikuwa anauza sahihi yake kwa faida yake, na wiki moja hivi kabla meli haijang'oa nanga rais wa Cuba alishatoa amri kwamba vibali vya aina hiyo havina kazi. Wamefika Havana wanawaona ndugu zao kwenye viboti wanapunga mikono, wakashuka 28 tu, wengi wao ndo wale waliokuwa na viza halali ya kweli. Marekani ikakataa, Kanada ikakataa, meli ikarudi Ulaya. Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa wakagawana. Waliobaki bara Hitler akawakuta huko, 254 wakafa.

Yaani karatasi ilikuwa halisi, saini halisi, muhuri halisi. Na ilikuwa haifai. Shika hiyo, maana sasa nageuza upande wa pili, karatasi za uongo zilizofaa.

binti_Chole

Haya tuko hapa, nimeshachemsha chai

Kibatari wa Muheza

Kaunas, Lithuania, kiangazi 1940. Wakimbizi wa Kiyahudi wengi kutoka Poland wamekwama, Warusi wameingia, balozi ndogo zote zimeambiwa zifunge. Kuna Mholanzi anaitwa Jan Zwartendijk, kazi yake ni meneja wa Philips, anauza redio na taa, ukonsuli (kuiwakilisha Uholanzi pale) amepewa wiki chache tu zilizopita kama kibarua cha pembeni. Wakimbizi wakaulizia kisiwa cha Curaçao, koloni la Uholanzi kule Karibi. Utaratibu ulikuwa hivi: kuingia Curaçao hakuhitaji viza, isipokuwa kibali cha gavana, na gavana hakuwa mtu wa kutoa ovyo. Zwartendijk akaandika kwenye hati zao sentensi ya kwanza, ya pili akaiacha. Hakudanganya hata neno moja! Aliishia tu kwenye nukta mapema. Mwanzoni aliandika kwa mkono, foleni ilipozidi akachonga muhuri, siku kama kumi akatoa zaidi ya 2,000.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpango wa kufika Curaçao. Ila sasa hati ina MWISHO WA SAFARI, na ukiwa na mwisho wa safari unaweza kuomba viza ya kupita njia. Ndo wakaenda kwa konsuli wa Japani, Chiune Sugihara. Tokyo walimjibu asitoe kwa asiyetimiza masharti. Akatoa. Viza ya Kijapani wakati ule inaandikwa kwa mkono, kwa ile miandiko yao ya picha, kila moja, kuanzia asubuhi mpaka usiku, mkewe anamkanda mkono. Orodha yake ina zaidi ya majina 2,100, na viza moja ilibeba hata familia nzima. Wakavuka Urusi kwa treni hadi bandari ya Vladivostok, meli hadi Japani, wengi mwishoni wakaangukia Shanghai, China.

Shanghai nayo ilikuwa na lake, kuingia hawakuuliza viza kabisa. Lakini konsuli wa China pale Vienna, Ho Feng-Shan, aligonga viza za Shanghai kwa wingi, kwa sababu aliyezihitaji ni Mnazi mlangoni siyo Mchina bandarini.

Mwl. wa Zamu

Usimsahau kijana wa Paris, Adolfo Kaminsky.

Kibatari wa Muheza

Nilimweka akiba Mwalimu. Huyu 1943 alishikwa na familia yake wakawekwa kambi ya Drancy, mlango wa kuelekea Auschwitz. Waliachiwa kwa sababu moja, walikuwa na uraia wa Argentina, yeye alizaliwa Buenos Aires, ubalozi ukawadai. Karatasi.

Alikuwa fundi wa kutia rangi nguo, na kuna kipindi alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Pale maziwa walikuwa wanaangalia ubora wa krimu kwa kutia rangi fulani ya bluu, asidi ya maziwa inaifuta. Sasa kundi la siri la kughushi vitambulisho lina shida, vitambulisho vya Ufaransa neno "Myahudi" limegongwa au kuandikwa kwa wino wa Waterman wa bluu na haufutiki kwa kitu chochote. Dogo wa miaka 18 akasema jaribuni asidi ya maziwa. Wino ukatoka.

Wakampa maabara. Siku moja ikaja oda ya watoto 300, ndani ya siku tatu, kila mtoto hati kadhaa, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, kadi ya chakula, jumla 900. Hakulala. Hesabu aliyojipigia ilikuwa kwamba kwa saa moja anatoa hati 30, akilala saa moja watu 30 wanakufa. Alizimia palepale mezani. Aliishi hadi Januari 2023, miaka 97.

Omosh wa Rongai

Maziwa!! Sitawahi angalia mala vile vile tena 😂

Nyundo Butu

Swali la mwisho mkuu. Waliofanikiwa kutoka, uraia wao uliishia wapi? Walibaki Wajerumani?

Kibatari wa Muheza

Novemba 25, 1941 ilitoka amri, Myahudi yeyote anayeishi nje ya Ujerumani uraia umekatika na mali yote ni ya serikali. Jana yake ulikuwa Mjerumani mwenye J, leo huna nchi. Mwezi mmoja kabla walishafunga na milango ya kutoka, kwahiyo waliobaki ndani wakaanza kupakiwa treni.

Baada ya vita katiba ya Ujerumani Magharibi ya 1949, ibara ya 116, ikasema waliovuliwa uraia kati ya Januari 30, 1933 na Mei 8, 1945 kwa sababu ya siasa, rangi au dini wanaweza kurudishiwa wakiomba, na vizazi vyao pia. Mpaka leo wajukuu wanaomba, wako Israel, Marekani, Uingereza.

Nyundo Butu

Na wanathibitishaje kuwa babu alikuwa raia?

Kibatari wa Muheza

Wanatakiwa walete hati za zamani za babu. Pasipoti ya 1938 inakubalika, ile ile yenye J. Unaipeleka kaunta ya ubalozi, wanaitoa kopi.

Mi kesho saa mbili narudi kwenye benchi langu na H yangu, mniombee.

binti_Chole

Beba chaja na maji ya kunywa, na kopi mbili za kila kitu